Farasi Katika Kundi la "Wanyama Wengine": Huduma ya Matangazo ya Mtandaoni Niliyoitumia Nikiwa Tanga

Mjomba wangu alitunza farasi kwa miaka 11 katika hoteli ndogo ya ufukweni upande wa Pangani, na hoteli hiyo ilipofungwa akapewa farasi jike mmoja badala ya mishahara ya miezi mitano aliyokuwa akidai. Hivyo ndivyo Kaskazi, mwenye umri wa miaka 14, alivyofika kwenye shamba letu la Pongwe, akaingizwa katika banda lililokuwa la ng'ombe wa maziwa na kupewa mbuzi wanne kuwa majirani zake. Tulikaa naye miezi minane. Mgongo ulipomkataza mjomba kuinua ndoo, aliniita akanitaka nimtafutie mnyama huyo mtu wa kumtunza, si mtu wa kumnunua tu, nami nikaigeukia tovuti moja ya matangazo ya biashara niliyowahi kuuzia kochi na friji. Kwa kuwa nina malalamiko dhidi yake, sitaitaja jina.

Huenda msomaji akauliza kwa nini sikumpeleka mnadani. Minada yetu ni ya ng'ombe, mbuzi na kondoo; farasi angezungukwa na watu wa kumpiga picha, na jioni ningerudi naye nyumbani. Wanaojua farasi ni wachache na wametawanyika Arusha, Moshi, Dar es Salaam na kwenye mashamba ya milimani, hivyo chombo pekee cha kuwafikia wote kwa mara moja ni intaneti. Isitoshe, kila siku ya kungoja ina gharama yake. Farasi wa kilo 400 na kitu hula kilo 8 hivi za majani makavu kwa siku, kwa hiyo robota moja ya kilo 15 haimalizi siku mbili, na kwato zake zinahitaji kukatwa kila baada ya wiki sita hadi nane, kazi ambayo hapa Tanga si kila daktari wa mifugo huikubali.

Kujiandikisha kulinichukua dakika kumi. Taabu ilianza nilipofika kwenye makundi: kulikuwa na ng'ombe, mbuzi, kuku, mbwa na paka, kisha "Wanyama Wengine", ambako Kaskazi aliwekwa kati ya sungura na kobe. Fomu ilinilazimisha pia kujibu kama "bidhaa" yangu ni mpya au imetumika, na bila jibu tangazo halikupita. Nilichagua "imetumika". Mjomba hakucheka.

Nafasi ya maelezo, hata hivyo, ilikuwa ya kutosha, na hapo naisifu tovuti, kwa sababu tangazo la farasi haliwezi kuwa la mistari miwili yenye maneno "yupo vizuri, bei maelewano". Niliandika kimo chake, ambacho hupimwa begani wala si kichwani: sentimita 145, au viganja 14 na inchi moja kwa hesabu ya wapandaji, ambao kiganja chao ni inchi 4. Niliandika kwamba amezoea wapandaji wasio na uzoefu, anakubali lijamu na tandiko bila ubishi, lakini huogopa malori, na kwamba mguu wa mbele wa kushoto humsumbua akikimbizwa muda mrefu kwenye ardhi ngumu. Niliweka picha za ubavuni akiwa amesimama mahali tambarare, picha za kwato, picha ya meno, na video ya sekunde 30 akitembea kunijia na kuniacha, kwa kuwa mguu wenye kasoro huonekana zaidi mnyama akitembea kuliko akisimama. Bei niliweka shilingi 2,200,000. Rafiki yangu alinishauri niandike "bure kwa atakayempenda", nikakataa; kitu cha bure huita kila mwenye kamba, na mwenye kamba si lazima awe na banda.

Nililipa shilingi 25,000 ili tangazo likae juu kwa siku 30, na kwa idadi ya simu sina la kulalamika. Ubora wa simu hizo ni habari nyingine. Watu wengi walitaka kumkodi kwa siku moja ili bwana arusi aingie ukumbini akiwa amempanda, jambo ambalo kwa mnyama anayeogopa malori, sembuse tarumbeta na vigelegele, ni kutafuta msiba penye sherehe. Mwingine aliuliza kama anaweza kuvuta mkokoteni wa mchanga. Mmoja hakuuliza umri wala tabia, aliuliza uzito tu, tena mara mbili. Sikujua anawaza nini, ila biashara ya ngozi za punda, ambayo wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kuipiga marufuku Februari 2024, imetufundisha kumtilia shaka mnunuzi anayeanza na kilo. Sikumjibu tena.

Siku ya kumi na mbili alifika kijana kutoka Dar es Salaam, ametelemka kwenye basi na begi mgongoni, akaja shambani moja kwa moja bila kunipigia simu. Alimwamkia mjomba, akaomba kumwona farasi, akamshika taya kwa ustadi na kumfunua mdomo. Kisha akanigeukia. "Dada, huyu si farasi wa miaka saba." Nikamwambia sijawahi kusema ni wa miaka saba. Akanionyesha simu yake: tovuti ileile, picha zangu zilezile, mbuzi wetu akichungulia nyuma, lakini namba ya simu ni ya mtu mwingine, bei ni milioni nne, mguu mbovu haukutajwa, na Kaskazi amekuwa "farasi wa mbio". Mwenye namba hiyo, dalali, alikuwa amenipigia wiki iliyotangulia akijifanya mnunuzi, nami nikamwelekeza hadi njia ya kuingilia shambani. Umri wa farasi husomwa kwenye meno ya mbele, jinsi yanavyolika na jinsi yanavyoinamia mbele kadiri miaka inavyosonga, kwa hiyo kijana huyu aliponea. Asiyejua kusoma meno angeuziwa mbuzi kwenye gunia, tena mbuzi mwenye tandiko.

Hapa ndipo ninapoilaumu huduma hii bila kusita. Niliripoti tangazo hilo jioni ileile nikiambatanisha picha za awali zenye tarehe, na baada ya siku tisa nikapata jibu la mashine kwamba ripoti yangu "inafanyiwa kazi". Tovuti inayochukua pesa ili kulipandisha tangazo juu inaweza pia kugundua kwamba picha zilezile zimewekwa mara mbili na watu wawili tofauti. Kama haitaki kufanya hivyo, basi imwambie mteja mapema aandike jina lake juu ya picha, jambo ambalo mimi nilijifunza nikiwa nimechelewa.

Matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hawakukosa. Mmoja alijitambulisha kuwa yuko Uingereza, akakubali bei bila kuuliza swali hata moja, kisha akadai nitume shilingi 180,000 kwa wakala wake kwa ajili ya kibali cha kusafirisha mnyama. Kibali hicho hutolewa na ofisi ya mifugo, na muuzaji anaweza kwenda mwenyewe kuuliza taratibu; hakuna sababu ya kumlipa mtu usiyemwona.

Mnunuzi wa kweli alikuja kwa njia ya tangazo langu, na haki hiyo siwezi kuinyima tovuti. Ni familia yenye shamba upande wa Lushoto, inayofuga farasi wawili kwa ajili ya wageni. Ujumbe wao wa kwanza ulikuwa na maswali mengi kuliko salamu: anakula nini, analala wapi jioni, ameishi na farasi wengine, amewahi kuugua nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o? Swali la jioni lilinionyesha kwamba wanajua wanachokisema, kwa kuwa wadudu wadogo wanaoeneza ugonjwa mkali wa farasi wa Afrika huruka zaidi kuanzia magharibi hadi alfajiri. Kuhusu mbung'o, Tanga hatuhitaji kukumbushwa. Hapa ndipo walipofugwa mbung'o madume waliofanywa tasa na kupelekwa kumwagwa kwa ndege Unguja, ambako mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996. Damu ya Kaskazi ilipimwa kwa gharama ya mnunuzi, haikukutwa na vimelea.

Walikuja mara mbili, mara ya pili na daktari wao. Tuliandikiana kwamba wangekaa naye wiki mbili za majaribio, na kwamba wakitaka kumuuza siku za usoni watuulize sisi kwanza. Walipunguziwa laki mbili kwa ajili ya mguu, na mjomba aliwapa robota sita za majani aliyoyazoea wamchanganyie kidogo kidogo, kwa sababu farasi hawezi kutapika na tumbo lake halivumilii kubadilishiwa chakula ghafla. Aliondoka baada ya swala ya alfajiri, ndani ya lori lililotandazwa mchanga, ili wamalize kona za Mombo kabla ya jua kuwa kali.

Nimeipa huduma hii nyota tatu kati ya tano, na ningeitumia tena kwa sharti la kutomwelekeza mtu njia ya shambani kabla ya kumsikia akiuliza juu ya mnyama mwenyewe. Tangazo langu nimelifunga kwa kitufe cha "imeuzwa". Lile la dalali bado lipo, na Ijumaa iliyopita kuna mtu alimpigia mjomba, sijui namba aliipata wapi, akiuliza kama farasi wa mbio wa miaka saba bado hajachukuliwa.