Kadi ya Salamu za Kinorwei: Inunue, Ila Uwe na Kalamu

Kadi hii ya plastiki ngumu, ukubwa wa nusu karatasi ya A4, inapatikana kwenye stesheneri za katikati ya mji wa Dodoma kwa shilingi 3,000. Imelengwa kwa wahudumu wa hoteli, madereva wa wageni na vijana wanaokwenda kufanya kazi Haydom, kwenye hospitali ya Kilutheri iliyoanzishwa na wamisionari wa Norwei mwaka 1955. Mbele kuna salamu na saa zake, nyuma matamshi. Nyuma pametulia. Mbele ndiko penye kazi.

Kosa la kwanza ni saa. Kadi inasema "God morgen: 6–10" bila kueleza ni saa za nani. Mtu wa hapa akiona 10 anasoma saa kumi, na saa kumi ni alasiri. Iliyokusudiwa ni saa nne asubuhi. Chukua kalamu ya wino usiofutika uandike hivi: god morgen, alfajiri mpaka saa nne, god dag, kuanzia hapo mpaka jioni, god kveld, kuanzia kama saa kumi na mbili jioni. God formiddag (saa nne mpaka adhuhuri) na god ettermiddag (mchana baada ya hapo) ni sahihi, lakini watu hawazisemi sana. Kuzipa mistari miwili minene ni kupoteza nafasi.

Pembeni ya god kveld wamechora jua linazama. Kwa Dodoma mchoro una ukweli, maana magharibi ya huku haisogei hata saa nzima mwaka mzima. Oslo mwezi Juni jua linazama baada ya saa nne usiku, na Desemba limeshatoweka kwenye saa tisa na robo alasiri. Huko Tromsø, kaskazini kabisa mwa Norwei, tangu mwishoni mwa Mei mpaka Julai, halizami kabisa. Mnorwei anafuata saa ya ukutani, kwa hiyo usisubiri giza.

Kosa baya kuliko yote ni god natt kuandikwa "Habari za usiku". Hiyo ni "usiku mwema", ya kuagana mtu anapokwenda kulala. Mhudumu akiwapokea wageni wa chakula saa mbili usiku kwa god natt, amewafukuza wakalale kabla hawajaagiza. Mtu anayeingia, hata saa tano usiku, ni god kveld.

Kadi pia inamfundisha msomaji kutumia god dag kwa wazee, kana kwamba ni shikamoo. Kinorwei hakina shikamoo. God dag ina urasmi kidogo, lakini hei inafaa kwa bibi wa miaka sabini, kwa mkurugenzi na kwa mtoto, saa yoyote, wala hakuna atakayeona umemvunjia heshima. Ukishaulizwa "Hvordan går det?" (habari yako?) jibu "Bare bra, takk" (nzuri tu, asante) na yaishe. Habari za nyumbani, za watoto na za mvua hazifuati.

Morn haimo kabisa, na ni pengo kubwa. Ni salamu ya kawaida ya mazoeano, husemwa hata usiku ingawa imetokana na asubuhi. Mgeni akikwambia morn saa moja jioni hajachanganyikiwa na safari. Akisema morna, anaaga.

Matamshi wameyapatia. God ni "gu", d haisikiki. Morgen hutamkwa karibu na "moon", g imemezwa, na ncha ya ulimi imekunjwa nyuma kidogo kwenye n. Kveld huishia kwenye l, hei ni "hai", ha det (kwaheri) ni "ha de". Onyo lao la kutoongeza irabu mwishoni (gudi, kveldi) ni la maana sana kwa ulimi wetu.

Wanaopiga simu Norwei hawakufikiriwa. Wanorwei wako nyuma yetu kwa saa mbili, na saa moja tu kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi ya mwisho ya Oktoba. Saa moja jioni ya Januari hapa, kule ni saa kumi na moja: god kveld ni mapema kidogo, sema hei.

Chini pana nafasi ya mistari miwili. Andika "takk for sist" (asante kwa mara ya mwisho), kwa mtu mliyekuwa pamoja siku chache zilizopita, na "god helg" (wikendi njema), ya kuagana Ijumaa.