Siku nne za kambi Ruaha wakati wa kiangazi: tathmini ya safari ya kuongozwa kutoka Iringa

Safari ninayoitathmini hapa ni ya siku nne, ya kulala hemani ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ikianzia na kuishia Iringa mjini. Tuliifanya katika wiki ya mwisho ya Septemba tukiwa watu sita wa ukoo mmoja kutoka Mbeya, na mkubwa wetu alikuwa mjomba wangu mwenye umri wa miaka 67, mkulima wa mpunga kule Ubaruku wilayani Mbarali. Tulilipa shilingi 780,000 kwa kila mtu, na malipo hayo yalijumuisha gari lenye paa la kufunguka, dereva ambaye ndiye aliyekuwa pia mwongozaji wetu, mpishi, mahema, magodoro, chakula na ada za hifadhi kwa viwango vya wananchi. Kampuni iliyotuhudumia sitaitaja kwa jina, kwa sababu malalamiko yangu nimekwisha kuyafikisha kwa wenyewe na ni haki yao kupewa nafasi ya kujirekebisha. Nitakayoyaeleza ni jinsi safari yenyewe ilivyokuwa, pamoja na mambo ambayo mtu anapaswa kuyauliza kabla hajatoa fedha zake.

Tuliondoka Iringa saa moja asubuhi tukiwa tumevaa masweta. Kituo cha kwanza kilikuwa Kalenga, kwenye makumbusho yanayohifadhi fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyejiua mwaka 1898 asikamatwe na Wajerumani, na ambaye fuvu lake lilirejeshwa nchini mwaka 1954. Mwongozaji, kijana wa Kihehe mwenye sauti ya upole, alitutengea nusu saa tu, na muda huo ulitosha. Baada ya hapo barabara ya vumbi ilianza kuteremka, yenye mikunjo kama bati, na kila tulipoteremka masweta yalivuliwa moja baada ya jingine, hewa ikakauka puani, mashamba ya mahindi yakaisha, na mibuyu ikaanza kujitokeza, kwanza mmoja mmoja, kisha kwa makundi. Tulifika langoni saa nane mchana. Saa ya kuingia ni jambo la kuzingatia, kwa kuwa kibali cha kuingia hifadhini huhesabiwa kwa saa 24 tangu muda wa kuingia, si kwa siku ya kalenda. Ukiingia mapema asubuhi halafu siku ya kutoka ukachelewa, utalipia siku nyingine. Mwongozaji wetu alilijua hilo na aliipanga ratiba yote kulingana nalo.

Ruaha ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1964, na mwaka 2008 eneo la Usangu liliongezwa ndani yake, hata ukubwa wake ukapita kilomita za mraba 20,000. Jina lake linatokana na neno la Kihehe lenye maana ya mto, na mwenye kwenda huko mwishoni mwa kiangazi hana budi kulikumbuka jina hilo, kwa kuwa atakachokiona kwa sehemu kubwa ni mchanga. Nyasi zimekuwa za rangi ya majivu, miti mingi haina jani, joto la mchana humfanya mtu aongee kwa sentensi fupi, na wanyama wote wamebanana kandokando ya yale maji machache yaliyobaki. Hiyo ndiyo sababu ya kwenda wakati huo. Anayetaka majani mabichi na ndege wengi wanaohama aende wakati wa mvua, lakini ajue kwamba wanyama watakuwa wametawanyika na njia nyingi hazitapitika.

Ubora wa safari ya namna hii, kwa maoni yangu, unapimwa kwa jambo moja: kama mwongozaji anajua maji yalipo na ana subira ya kukaa hapo. Wetu alikuwa na yote mawili. Siku ya pili asubuhi alitupeleka Mwagusi, mto wa mchanga ambao kwa macho yetu ulikuwa mkavu kabisa, akazima gari kwenye kivuli cha mkwaju na kutuomba tusiseme neno. Tembo jike alikuwa amesimama katikati ya mto huo, akiuchimba mchanga kwa ncha ya mguu wa mbele na kuusogeza pembeni kwa mkonga, taratibu, kama mtu anayesafisha kisima chake mwenyewe. Shimo lilipofikia kimo cha goti lake aliutia mkonga ndani, akanyonya, akamwaga pembeni maji yale ya kwanza yenye tope, kisha akasubiri. Tulimwona akisubiri. Alipoutia mkonga mara ya pili alikunywa, na mtoto wake akajipenyeza katikati ya miguu yake ili naye apate. Nyuma yao, umbali wa hatua thelathini hivi, swala pala wanane na kundi la nyani walikuwa wamekaa wakingoja zamu, na tembo wale walipoondoka nyani ndio waliowahi shimo. Tulikaa pale karibu saa nzima. Magari mawili ya watalii yalikuja, yakapiga picha na kuondoka ndani ya dakika tano, na niliwasikitikia waliokuwemo.

Yeye ndiye aliyetuonyesha pia kwa nini mibuyu mingi ya Ruaha ina majeraha makubwa shinani: tembo huichubua na kuitafuna kwa ajili ya unyevu ulio ndani yake, na mingine imetobolewa kabisa, ukitazama upande mmoja unaona mwanga wa upande wa pili. Tandala wakubwa tuliwaona mara nyingi, simba mara mbili, chui hatukumwona. Sina sababu ya kumlaumu yeyote kwa hilo.

Sasa nieleze kasoro iliyonikera, nayo inahusu maji vilevile. Tulikuwa watu wanane tukiwajumlisha wafanyakazi wawili, na kampuni ilipakia madumu manane ya lita 20, yaani lita 160 za kunywa, kupikia, kuoshea vyombo na kunawa kwa siku nne. Hesabu hiyo inampa kila mtu lita tano kwa siku, bila akiba yoyote, katika joto ambalo mtu mzima peke yake anaweza kunywa lita nne. Dumu moja lilitoboka njiani kwa kusuguana na spea ya gurudumu, na hakuna aliyegundua hadi tulipofika kambini na kukuta zulia la gari limelowa. Siku ya pili mchana nilimwona mpishi akipima maji ya ugali kwa kikombe, uso wake ukiwa wa mtu mwenye aibu ya kosa ambalo si lake. Ikabidi mwongozaji aache mzunguko wa jioni na kuendesha gari hadi makao makuu ya hifadhi, Msembe, kuomba maji, na sisi tukabaki kambini chini ya migunga tukipepea ndorobo kwa kanga. Mzunguko huo tulikuwa tumeulipia. Zaidi ya fedha, kumpeleka mtu mwenye umri wa mjomba wangu katika nyika kavu kwa maji ya kukadiria ni uzembe ambao kampuni yenye ofisi, risiti na tangazo ukutani haipaswi kuufanya. Atakayefuata aulize idadi ya madumu, ayahesabu mwenyewe kabla gari halijaondoka, na asikubali chini ya lita kumi kwa kila mtu kwa siku.

Mahema yalikuwa imara na magodoro yalikuwa mazito ya kutosha, isipokuwa zipu ya hema la kina mama ilikuwa imekufa na tulilazimika kuifunga kwa pini. Katika kambi isiyo na uzio, zipu si jambo dogo. Usiku wa tatu tembo walipita katikati ya mahema yetu. Tulisikia matumbo yao yakinguruma na matawi yakivunjwa, karibu kiasi kwamba nilizihesabu pumzi za mmoja wao. Mwongozaji alikuwa ametuonya tangu siku ya kwanza tusiweke tunda lolote hemani, hasa machungwa na ndizi, na tulikuwa tumelitii agizo hilo kwa ukamilifu. Chakula kilikuwa kizuri kuliko nilivyotarajia: ugali na kuku wa kienyeji, maharage yaliyoungwa kwa nazi, chai ya tangawizi alfajiri. Usiku wa pili, baada ya maji kupatikana, mpishi alipika wali, na harufu ilipofika kwenye viti vyetu mjomba aliinua kichwa akasema, “Huo ni mchele wa kwetu.” Mpishi alikiri kwamba aliununua sokoni Iringa kwa jina la mchele wa Mbeya.

Siku ya tatu alfajiri tulifanya matembezi ya miguu kando ya Mto Ruaha Mkuu tukisindikizwa na askari wa hifadhi mwenye bunduki. Matembezi haya huombwa mapema na yana ada yake. Katika mkataba wetu yalikuwemo, na ningemshauri kila mtu ahakikishe yamo katika wa kwake. Sehemu kubwa ya mto ilikuwa mchanga na mawe yenye weupe wa chumvi. Katika dimbwi moja, ambalo halikuzidi upana wa uwanja wa netiboli, viboko walikuwa wamelaliana kama magunia, migongo yao imepasuka kwa jua, na mamba watatu walikuwa ukingoni. Mwongozaji alitusimamisha mbali, upande ambao upepo ulikuwa unatujia, akatueleza kwa utulivu kwamba mto huu ulikuwa ukitiririka mwaka mzima, na kwamba tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka kila kiangazi.

Mjomba alimwuliza, “Mwanangu, maji haya si ndiyo yanayotoka kwetu Usangu?”

“Ndiyo, mzee wangu,” alijibu. “Yanashuka kutoka milima ya Mbeya na Njombe, yanaingia Usangu, yanakusanyika ardhioevu ya Ihefu, yanatokea Ng’iriama penye mwamba, ndipo yanaingia huku. Yakitoka hapa yanakwenda kwenye mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Ihefu ikishuka chini ya ule mwamba, huku hakuji kitu.”

Hakumlaumu mtu. Hakusema neno moja kuhusu wakulima, ingawa bila shaka alikuwa ameambiwa mzee ni wa wapi. Mjomba alipiga magoti penye shimo la zamani la tembo, akatia mkono hadi kwenye kiwiko, akautoa ukiwa na mchanga wenye unyevu, akaukamua kiganjani. Hakuna tone lililotoka. Baada ya muda alisema, akimtazama kijana yule na si sisi, “Mfereji wetu hatuufungi hata tukishavuna. Maji yanapita tu shambani, yanapotea kwenye majani.” Askari wa hifadhi, ambaye hadi hapo alikuwa hajasema lolote, alimsogelea na kumsaidia kuinuka, na wote wawili walitembea mbele yetu njia nzima ya kurudi wakizungumza juu ya mabanio yanayoingiza maji ya mto mifereji, zamu za maji na miezi ambayo mto hukatika. Nimekwenda hifadhi nyingine nikiongozwa na watu waliojua majina ya ndege wote, na niliwaheshimu. Huyu alijua mahali ambapo nchi moja inaungana na nyingine, na aliweza kumweleza ukweli mtu mzima bila kumvunjia heshima. Ningelipa tena kwa ajili ya asubuhi ile peke yake.

Siku ya nne tulitoka langoni saa nne asubuhi, na kwa kuwa tulikuwa tunarudi Mbeya, kampuni ilikubali bila nyongeza kutufikisha hadi Isimila, kilomita 20 hivi kutoka Iringa, tulikokuwa tumepanga gari letu litusubiri. Ni korongo lililochongwa na mmomonyoko, lenye nguzo ndefu za udongo mwekundu na zana za mawe za watu wa kale zilizolala chini kama zilivyoachwa. Saa tisa alasiri hakuna kivuli kabisa, na kila mtu anahitaji chupa yake ya maji na kofia. Tulibaki dakika arobaini, na wengi wetu tulikuwa tumechoka kiasi cha kutoona vizuri. Ningeshauri pawekwe siku ya kwanza, badala ya mwisho.

Niliiandikia kampuni kuhusu maji na zipu. Walinijibu baada ya siku mbili, wakakiri kosa la maji, wakaturudishia sehemu ya fedha za mzunguko ule tuliokosa, na wakasema safari za watu wanane sasa zitapakia madumu kumi na sita. Kuhusu zipu hawakusema kitu, nami nimewakumbusha. Mjomba amekwisha kuomba nimwekee nafasi Septemba ijayo, pamoja na viongozi wawili wa jumuiya yao ya watumia maji, na sharti lake ni kwamba mwongozaji awe yule yule na matembezi ya mtoni yawe siku ya kwanza.