Kontrola ya kompresa ya skrubu: uzoefu wangu wa kupanga presha kiwandani Mtwara

Mimi ni fundi kwenye kiwanda cha kubangua korosho hapa Mtwara, na hewa kwetu si mapambo. Mashine za kumenya ganda laini la ndani zinapuliza korosho kwa hewa hadi ngozi itoke. Mashine ya kuchagua kwa kamera nayo ina vipulizio vidogo vinavyotema kila punje yenye doa. Hewa ikilegea, korosho karanga zinatoka na mabaka ya kahawia, daraja linashuka na bei inashuka nalo. Kwa hiyo kompresa, mashine inayoshindilia hewa hiyo, ikikohoa, kila mtu anajua fundi yuko wapi.

Tuliyonayo ni ya skrubu, kilowati 37, bamba lake limeandikwa bari 8, bari ikiwa kipimo cha presha. Hapa nazungumzia kontrola yake, yaani kifaa kinachoamua lini isukume hewa na lini ipumzike. Chapa siitaji, kwa sababu kontrola ya namna hii utaikuta kwenye kompresa zenye majina tofauti kabisa: kiboksi cheusi, skrini ndogo ya mistari michache, vitufe vya kubonyeza vya kuwasha, kuzima, kupanda, kushuka na kuthibitisha.

Kabla yake tulikuwa na kompresa ya pistoni yenye swichi ya presha. Waliowahi kuishi nayo wanaijua ile kazi. Unafungua kifuniko, unakaza nati ya springi kubwa, unasubiri mshale wa geji upande, inakata mapema, unakaza tena, halafu unahamia springi ndogo ya kuamua tofauti kati ya presha ya kuwaka na ya kukata, na hiyo ikiguswa kidogo inavuruga ile ya kwanza. Mashine ikitikisika wiki mbili tatu, nati zimeshahama. Kwa kontrola hii nikiandika 0.70 inakata kwenye 0.70, leo na mwezi ujao. Kwa hilo peke yake naipa alama nzuri.

Hiyo 0.70 ni MPa, yaani megapaskali, kipimo kingine cha presha. Bari moja ni 0.1 MPa, kwa hiyo 0.70 ni bari 7, na ukiwa na geji ya zamani ya PSI utasoma kama 101 au 102 hivi. Nimebandika karatasi yenye hesabu hiyo mlangoni mwa chumba cha kompresa, kwa sababu zamu ya usiku walikuwa wakiona sifuri mbele wanadhani mashine haina hewa.

Namba unazozigusa kwa kweli ni mbili. Ya chini ni presha ambayo kompresa ikifika hapo inaanza kusukuma hewa; ya juu ni presha ambayo vali ya kuingiza hewa inafunga na mota inabaki inazunguka bila mzigo. Kuna jambo la utaratibu ambalo kitabu chetu hakikulieleza vizuri: kontrola haikubali namba ya juu iwe chini ya ile ya chini. Ukitaka kushusha zote, anza kushusha ya chini. Ukitaka kupandisha, anza na ya juu. Ukienda kinyume inakurudishia namba ya zamani bila maelezo yoyote, na utabonyeza hadi kidole kiume.

Ilikuja imepangwa kusukuma kwenye 0.65 na kukata kwenye 0.80, yaani juu kabisa ya uwezo wake. Wauzaji wengi wanaiacha hivyo ili mteja asilalamike hewa haitoshi. Mimi nilianzia upande wa pili, kwenye mashine zenyewe. Zetu za kumenya zinataka 0.6 MPa pale bomba linapoingia. Nikaongeza kile kinachopotea njiani, kwenye draya (kikausha hewa), filta na mabomba, nikaweka 0.64 chini na 0.72 juu. Kanuni wanayoitumia mafundi wa hewa ni kwamba kila bari moja unayoongeza kwenye presha ya aina hii inakula karibu asilimia 7 zaidi ya umeme. Na matundu yote ya mabomba yanavuja zaidi presha ikiwa juu, kwa hiyo unalipia hewa ambayo haikumenya hata punje moja.

Hapo ndipo vita vyenyewe vilipo, na wala si vita na mashine. Msimu ukishakolea, zamu yote wanataka presha ipande. Mama mmoja wa siku nyingi pale kwenye kumenya alinijia akaniambia, "Mwanangu, ongeza upepo, korosho hazivuki." Nikamjibu, "Mama, upepo upo, njia ndiyo imeziba." Nikamwonyesha: geji ya tenki inasoma bari 7.2, geji ya baada ya filta inasoma 5.7. Bari moja na nusu imeishia ndani ya filta iliyojaa vumbi na mafuta. Filta safi inakula sehemu ndogo tu ya bari. Tukabadilisha kichujio, mashine zikarudi kufanya kazi, na namba kwenye kontrola hazikuguswa. Siku nyingine tatizo si hewa kabisa: korosho hazikukaushwa vizuri, ngozi imeng'ang'ania, na hata ukipuliza kwa kimbunga haitoki.

Ndiyo maana napenda kwamba kontrola ina ngazi mbili za nywila. Ya mtumiaji inafungua namba za kila siku. Kikomo cha juu kabisa, pamoja na joto la kuzima mashine na mipangilio ya mota, vimefungwa nyuma ya nywila ya mtengenezaji. Wapo wanaoitafuta ili waisukume mashine ya bari 8 hadi 10. Mota itabeba mzigo ambao haikuundiwa, itajizima kwa kuzidiwa, na vali ya usalama ndiyo itakayokuwa inafanya kazi ya kontrola. Vali hiyo na tenki ni vitu ambavyo mkaguzi wa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, anavitazama, na ana haki.

Tofauti kati ya namba mbili nayo ina siasa yake. Kuna jirani yetu aliyeibana hadi bari 0.2 akisema anataka presha tulivu. Kompresa yake inashika na kuachia kila baada ya sekunde chache, unaisikia vali inapiga ukiwa barabarani. Ukiipanua mno nayo, unasukuma hewa hadi juu bila sababu. Kwa tenki letu, bari 0.8 inatosha. Mwenye tenki kubwa anaweza kubana zaidi.

Kuna mpangilio wa tatu ambao watu wanaupita: muda wa kuzunguka bila mzigo kabla mota haijajizima. Mota inayozunguka bure bado inakula robo hadi theluthi ya umeme wake. Sisi tuna mapumziko ya chakula na vipindi vya kungoja korosho zitoke kwenye ovena, kwa hiyo nimeweka dakika 10. Nisingethubutu kuweka mbili. Mota ya ukubwa huu haitakiwi kuwashwa mara nyingi ndani ya saa moja, kila kuwasha ni kuipasha moto. Ile ya kujiwasha yenyewe umeme ukirudi nimeizima, na itabaki imezimwa. Umeme ukikatika, wenzangu wanatumia nafasi hiyo kusafisha mashine, mikono imo ndani.

Kitu kilichonifurahisha kuliko nilivyotarajia ni saa zake. Inahesabu saa za kuzunguka kwa jumla na saa za kusukuma hewa, kila moja peke yake. Jumapili kiwanda kikiwa kimya naifungua hewa kwenye mabomba, hakuna mashine inayotumia, halafu nakaa nayo na simu ya kupimia muda. Ikisukuma dakika 1 na kupumzika dakika 4, maana yake sehemu moja kati ya tano ya uwezo wake inaenda kwenye matundu. Baada ya hapo ni ndoo ya maji ya sabuni na brashi, unapita kila kiungo. Kwetu wezi wakubwa walikuwa viungo vya kuchomeka vya mipira, vile vya bei rahisi.

Sasa malalamiko. Vitufe vimefunikwa na utando wa plastiki, na huku kwetu mikono ina mafuta ya ganda la korosho, yale yale yanayounguza ngozi hadi wabanguaji wanajipaka majivu. Alama ya kitufe cha kushuka imeshafutika. Nimefunika vitufe kwa plastiki angavu ninayobadilisha. Kitabu kilikuja kwa Kichina na Kiingereza kilichochoka, na aliyetuuzia alifunga mashine, akaonyesha kitufe cha kijani na chekundu, akaondoka. Nywila ya mtumiaji nilimpigia simu mpaka nikachoka. Ukinunua, usitie saini ya kupokea kabla hujaandikiwa nywila hiyo, na ukashuhudia fundi wao akibadilisha presha mbele yako.

Tena mwulize sensa ya presha iko wapi. Yetu iko ndani ya kompresa, kabla ya draya na filta, ndiyo maana skrini inaweza kusema 0.72 huku kiwanda kinalia. Kontrola hailijui bomba lako, inaijua sensa tu. Kama hujafunga geji ya bei rahisi mwisho wa bomba, pale hewa inapotumika, unarekebisha ukiwa umefumba macho.

Na kwa pwani yetu, usisahau mpangilio wa kutoa maji. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 ina gramu kama 24 za maji kwa kila mita ya ujazo. Kompresa ya ukubwa huu ikimeza mita za ujazo 6 kwa dakika siku nzima bila kupumzika, ni zaidi ya lita 8 za maji kila saa, na yote lazima yatoke mahali. Vali ya kutoa maji ilikuja imepangwa kufunguka mara chache mno, labda kwa hesabu ya nchi kavu. Nimepunguza muda wa kusubiri, inafunguka kifupi kifupi lakini mara nyingi. Ikifunguka kwa muda mrefu inatema hewa uliyoilipia.

Vipuri ndiyo shida yake kubwa kwa sisi wa kusini. Sensa ikiharibika, kontrola inaandika hitilafu na mashine haiwaki, hata kama kila kitu kingine ni kizima. Hapa mjini sijaipata dukani. Inaagizwa Kariakoo na kupakiwa kwenye basi, na katikati ya msimu siku moja ya kusubiri ni magunia mengi. Nunua ya akiba pamoja na mashine, yenye ishara ya umeme ya milliampia 4 hadi 20 na kipimo cha presha kile kile cha ya zamani. Ikiwa kipimo ni tofauti, skrini itakuonyesha presha ya uongo na kompresa itaifuata.