Gemu za rali: ipi ununue, ipi uiache dukani

Uliza kwenye kundi lolote la wacheza gemu ni gemu ipi ya rali inafaa kununuliwa, na utaona kambi mbili zikijitokeza. Wa kwanza watasema kama gari halijakupindukia kwenye kona ya tatu, hiyo si rali, ni katuni. Wa pili watajibu kwamba wao hawatoi pesa ili waadhibiwe. Ugomvi huo haumsaidii mnunuzi. Karibu gemu zote nilizozipanga hapa chini zina uhalisia pale unapohitajika hasa, yaani tairi linapokutana na udongo, na zote zina raha yake. Zinachotofautiana ni bei ya kosa. Ukikosea kona moja, gemu inakutoza nini: sekunde tatu, dakika ishirini, au jioni nzima?

Kwenye mbio za uwanjani kosa unaweza kulifidia mzunguko unaofuata. Rali haina mzunguko unaofuata. Unaondoka peke yako kushindana na saa, mkondo (kipande cha barabara kinachopimwa muda) wa kilomita 15 unaupita mara moja, na mwelekezi aliye pembeni yako anakusomea kinachokuja. Ukigonga jiwe kwenye kilomita ya 14, zile 13 ulizoendesha kwa akili zimeenda na maji. Utamu wa rali umo humohumo, na ndiyo sababu wengi hununua gemu ngumu, wakaicheza wiki moja, kisha wakaiuza.

Jambo la pili la kupima ni uzito wa gari. Ukikanyaga breki uzito unahamia mbele, matairi ya mbele yanang'ata, mkia unakuwa mwepesi. Madereva wa Skandinavia waliigeuza hali hiyo kuwa mbinu: kabla ya kona ya kulia unalitupa gari kushoto kidogo, halafu unalirudisha kulia kwa nguvu, na mkia unazunguka wenyewe. Gemu ya rali iliyotengenezwa vizuri, hata kama picha zake ni za kitoto, itakubali mbinu hiyo. Gemu mbovu itakupa kitufe cha kuteleza, ukikibonyeza gari linageuka kama mlango kwenye bawaba. Kabla hujalipa, tafuta video ya mtu anayecheza kwa pedi, yaani kidhibiti cha mkononi, na uangalie gari linaanza kuteleza wapi. Kama linateleza kabla ya kona, dereva akiwa ameshaachia mafuta, hapo kuna fizikia. Kama linateleza katikati ya kona tu, na kila mara kwa kiasi kilekile, weka pesa yako mfukoni.

1. art of rally (PC, PS4, PS5, Xbox, Switch)

Najua hapa nitarushiwa mawe. Kamera iko juu, gari linaonekana dogo, miti haina majani ya kuhesabika, na mwelekezi hayupo kabisa. Magari yenyewe hayana leseni, kwa hiyo utakuta gari unalolitambua mara moja likiwa na jina la utani. Mtu akiiona kwa mara ya kwanza anadhani ni ya watoto.

Akishaishika pedi anabadilisha kauli. Uzito wa gari upo, na mbinu ya Waskandinavia inafanya kazi tangu mkondo wa kwanza. Gari linalosukumwa na matairi ya nyuma litakutupa nje ukikanyaga mafuta mapema, na gari la Group B, lile daraja la miaka ya 1980 la magari yenye nguvu kupita kiasi, linakutisha jinsi linavyotakiwa kukutisha. Tofauti ni kwamba kwa kuwa unaitazama barabara kutoka juu, kona inayokuja unaiona mwenyewe. Huhitaji kujifunza lugha ya mwelekezi wala kukariri. Mikondo mingi ni mifupi, msimu unakupa nafasi kadhaa za kurudia, na uharibifu wa gari unaweza kuupunguza. Kosa linauma, lakini halikuharibii jioni.

Ilitoka kwenye PC mwaka 2020, na mwaka uliofuata walipoileta kwenye mashine za nyumbani waliongeza Kenya bila malipo. Barabara nyekundu, nyasi kavu, vumbi linalobaki nyuma yako hata baada ya kona mbili. Bei yake kamili ni karibu dola 25 na hupunguzwa mara kwa mara. Inakula GB chache tu, na laptop ya kawaida itaiendesha ukishusha ubora wa picha. Kwa mtu ambaye hajawahi kucheza rali, au ambaye ana nusu saa tu baada ya kazi, sioni ya kuizidi.

2. DiRT Rally 2.0 (PC, PS4, Xbox One)

Hii ndiyo gemu ya kambi ya kwanza. Watengenezaji wake, Codemasters, waliitoa Februari 2019, na ukiwa na PS4 bado ndiyo rali kali kuliko zote unazoweza kununua. Mwelekezi wake kwa Kiingereza ni Phil Mills, yule aliyekuwa pembeni ya Petter Solberg walipotwaa ubingwa wa dunia mwaka 2003, na sauti yake inapanda pale hatari inapopanda. Namba anazosoma zinapima ukali wa kona: 1 ni kona ya kukata usukani hadi mwisho, 6 ni ya kupita bila kuachia mafuta. Gemu haina Kiswahili. Utahitaji siku kadhaa kabla masikio hayajazoea, na kwa siku hizo utajikuta mtaroni mara nyingi.

Barabara nayo inachakaa. Ukipangiwa kuondoka nyuma ya magari mengi, utakuta mitaro ya matairi imeshachimbwa kwenye changarawe, na mitaro hiyo inalivuta gari kusikotakiwa. Sijaona kitu kingine kwenye gemu za rali kinachofanana zaidi na ukweli. Kwa upande wa bei ya kosa, hapa ni ghali sana. Gonga mti kwa kasi, injini inakufa, mashindano yameisha, na fedha ya kutengeneza gari inatoka kwenye mfuko wa timu yako. Wapo wanaoipenda kwa sababu hiyo. Wengine wataitupa.

Nunua toleo la Game of the Year lililotoka 2020, usinunue la mwanzo. La mwanzo lina nchi sita tu za rali, na Finland, Monte Carlo na Wales ziliuzwa pembeni. Pia fahamu kwamba sehemu kubwa ya ligi na kazi ya timu inadai intaneti; bando likiisha unabaki na majaribio ya muda na mashindano ya kujitengenezea. Na Safari Rally haimo, jambo ambalo kwa msomaji wa huku kwetu ni pengo.

3. EA Sports WRC (PC, PS5, Xbox Series)

Onyo kwanza: haipo kwenye PS4. Muuzaji akikuambia anayo diski yake ya PS4, ondoka.

Ilitoka Novemba 2023, kazi ya Codemasters walewale, ikiwa na leseni rasmi ya ubingwa wa dunia wa rali, yaani WRC. Gari linashika barabara vizuri zaidi kwenye lami kuliko kwenye DiRT Rally 2.0, mikondo inafika zaidi ya kilomita 30, na kwenye pedi ni pole zaidi. Unachagua mwenyewe ukali wa uharibifu. Kosa hapa lina bei ya katikati.

Halafu kuna Kenya. Soysambu na Mbaruk zimo, na ukiwa umewahi kusimama kando ya barabara Naivasha wakati wa mashindano utaitambua rangi ya udongo. Lakini hapa ndipo napingana na wanaoiita Safari halisi. Safari ya kweli haishindwi kwa kasi. Tangu ilipoanza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ilikuwa mashindano ya kulifikisha gari: maelfu ya kilomita, barabara zisizofungwa, ng'ombe, matope. Baadaye timu kubwa zilikodi helikopta za kuruka mbele ya gari na kumwonya dereva. Washindi wake wa zamani, Joginder Singh na Shekhar Mehta, hawakupata sifa kwa kukanyaga mafuta tu. Walijua wapi pa kuyaachia. Hata Safari ya sasa, iliyorudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, imewavunjia viongozi springi na shokabsoba kwenye mawe ambayo kwa macho hayana lolote, na vumbi laini lililojaa kwenye mashimo limezima injini. Kwenye gemu unapita juu ya mawe hayo kwa kilomita 140 kwa saa na gari linakohoa kidogo tu. Picha ni ya Naivasha, mwendo ni wa Finland. Ni raha sana, sikatai, ila usiinunue ukidhani utajifunza Safari.

Mambo mawili ya kukumbuka. Mwaka 2025 Codemasters walitangaza kwamba hawataiendeleza tena, kwa hiyo usitegemee marekebisho mapya. Na kwenye PC zisizo na nguvu picha zinakwamakwama, kitu ambacho kwenye rali ni balaa maana kona haikusubiri. Ukiwa na PS5, nunua ikiwa kwenye punguzo. Ukiwa na laptop ya ofisini, rudi namba moja.

4. WRC 9, WRC 10 au WRC Generations (PS4, PS5, Xbox, PC)

Hizi ni za Wafaransa wa KT Racing, waliokuwa na leseni kabla ya EA. Ukitaka Safari kwenye PS4, jibu liko hapa. WRC 9 ilitoka Septemba 2020 ikiwa na Kenya, wakati Safari yenyewe ya mwaka huo ilikuwa imefutwa kwa sababu ya korona. Watu waliiendesha sebuleni karibu mwaka mzima kabla magari halisi hayajafika Naivasha. Barabara zake ni nyembamba na zina kazi nyingi, mwelekezi ni mkavu, na usimamizi wa timu unachosha: barua pepe, uchovu wa wafanyakazi, mikataba. Ukichagua moja, chukua Generations ya 2022, ina nchi nyingi zaidi na magari ya Rally1, daraja la juu la WRC, yenye mota ya umeme. WRC 9 ya mtumba si mbaya kama bei ni ya kutupa.

5. Rush Rally 3 (simu)

Kama una simu tu, hii ni namba moja yako na orodha iliyobaki haikuhusu. Unalipa dola chache mara moja, haikusumbui na almasi wala sarafu za kununua, na uzito wa gari umo kwa kiwango cha kushangaza. Ukiunganisha pedi kwa Bluetooth inakuwa gemu nyingine kabisa.

6. Richard Burns Rally (PC)

Ya mwaka 2004, ina jina la bingwa wa dunia wa 2001 aliyefariki Novemba 2005. Haiuzwi tena kwa njia rasmi, lakini wapenzi wake wa RallySimFans wameijenga upya kwa fizikia mpya, magari na mikondo mingi mno. Kwa uhalisia inazipita zote hapo juu. Nimeiweka chini kwa sababu huu ni mwongozo wa kununua, na anayeihitaji hii ana usukani tayari na hasomi miongozo kama huu.

Usidanganywe na jina la DiRT 5: haina mwelekezi, na unashindana bega kwa bega na magari mengine. Assetto Corsa Rally nayo ilianza kuuzwa Novemba 2025 ikiwa bado inajengwa. Gari linaendesheka vizuri sana, lakini mikondo ni michache. Ipe muda.

Sasa malipo. Steam, duka la mtandaoni la gemu za PC, inatoza kwa dola kwa watumiaji wa Kenya na Tanzania, na kadi pepe ya Visa ya M-Pesa inakubalika. Angalia kiwango cha kubadilishia kabla hujabonyeza. Kwenye PlayStation mambo ni magumu kidogo kwa kuwa hakuna duka rasmi la nchi zetu. Wengi wana akaunti ya Marekani, Uingereza au Afrika Kusini, na kadi ya kujazia lazima iwe ya nchi ileile ya akaunti. Diski itafanya kazi popote, ila nyongeza zinazopakuliwa zinafuata eneo la diski. Diski ya Ulaya kwenye akaunti ya Marekani inaweza kukunyima Finland uliyoilipia. Na kwa diski ya mtumba ya toleo kamili, uliza kama nyongeza zimo ndani ya diski au zilikuja kwa namba ya siri ambayo mwenzako ameshaitumia. Pamoja na hayo, diski ina faida yake: gemu za magari huondolewa kwenye maduka ya mtandaoni leseni zikiisha.

Kuhusu usukani, pedi inatosha kwa gemu tano za kwanza. Ukiamua kununua, epuka zile za bei rahisi zinazorudi katikati kwa springi tu. Hazikuambii tairi linafanya nini, na pedi inazishinda. Logitech G29 ya mtumba inafanya kazi PS4, PS5 na PC, na G920 ni ya Xbox na PC. G923 ina matoleo mawili yanayofanana kwa macho, kwa hiyo soma lebo. G27 utaiona ikiuzwa kwa bei ya kuvutia, na muuzaji ataapa kwamba inaingia PS4. Mwambie aichomeke mbele yako.