Barakoa ya CPAP kwa anayelala ubavu: kwa nini nimechagua bomba la utosini

Mtu anayepewa mashine ya CPAP, inayopuliza hewa kupitia barakoa ili njia ya hewa isizibe, kwa sababu ya kukatika pumzi usingizini huelezwa mengi kuhusu mashine na machache mno kuhusu barakoa, ilhali barakoa ndiyo inayokaa usoni usiku kucha, na ndiyo inayoamua kama mashine itatumika au itawekwa juu ya kabati. Kwa sisi tunaolala ubavu uamuzi huo ni mgumu zaidi, kwa kuwa barakoa nyingi huonekana nzuri mtu akiwa ameketi. Wala kulala ubavu si tabia ya kuachwa: kwa wagonjwa wengi kulala chali ndiko huurudisha ulimi na nyama laini za koo nyuma na kuziba njia ya hewa. Kwa hiyo sioni sababu ya mgonjwa kubadili mlalo wake ili aifuate barakoa. Barakoa ndiyo impasayo kumfuata yeye.

Kinachotokea ni hiki. Shavu linapozama mtoni, mto husukuma ukingo wa barakoa au mkanda wake, silikoni inasogea kidogo, na hewa inayopulizwa kwa msukumo wa kati ya sentimita 4 na 20 za maji hupata mwanya wa kutoroka, mara nyingi ikielekea machoni. Wengi hukimbilia kukaza mikanda, jambo ambalo huzidisha tatizo: ukingo wa silikoni umetengenezwa ili ujazwe na hewa na utulie usoni wenyewe, na ukibanwa sana hujikunja, unavuja palepale, na kuacha alama zinazoonekana hadi adhuhuri.

Barakoa kubwa inayofunika pua na mdomo ndiyo ninayoipa nafasi ya mwisho kwa anayelala ubavu, kwa sababu ina eneo pana la kuguswa na mto. Hata hivyo, anayepumua kwa mdomo au mwenye pua inayoziba mara kwa mara huenda asiwe na budi kuitumia, na ni haki yake kuelezwa pia kuhusu sumaku. Baadhi ya barakoa hufungwa kwa vifungo vya sumaku, na Septemba 2022 kampuni ya Philips ilitoa tahadhari kwamba watu wenye vifaa vya chuma au vya umeme mwilini, kama vile kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, wasizitumie. Mwenye kifaa cha namna hiyo ni vema amuulize daktari kabla ya kununua barakoa yoyote.

AirFit P10, barakoa ya puani ya kampuni ya ResMed, ni nyepesi kuliko zote nilizovaa. Fremu yake ni ndogo: ina vijipira viwili vya silikoni vinavyokaa kwenye matundu ya pua, na mkanda mmoja unaogawanyika mara mbili kisogoni. Shavu hubaki huru karibu lote, na tundu za kutolea hewa ni za kitambaa chenye matundu madogo sana, hivyo hewa haipigi kelele wala haimpulizii anayelala kando yako. Hata hivyo bomba lake hushuka mbele ya uso, na anayegeuka kutoka ubavu wa kushoto kwenda wa kulia hulikuta liko upande usiofaa.

Ndipo inapoingia AirFit P30i, ya ResMed pia, ambayo ndiyo ninayoipendekeza. Bomba huunganishwa utosini, na hewa hushuka kwenye mikono miwili ya silikoni yenye uwazi ndani, mmoja kila upande wa uso. Ukilalia mmoja, hewa hupita kwenye mwingine, na hicho ndicho mtu anayegeuka usiku anachokihitaji. DreamWear ya Philips inafuata mpango wa namna hiyo hiyo. Jambo jingine ninalolithamini ni kwamba fremu ya P30i hupokea pia kijipira cha barakoa nyingine ya ResMed, N30i, kinachokaa chini ya pua badala ya kuingia ndani, kwa hiyo tundu za pua zikichubuka hulazimiki kununua barakoa nzima. Wenye nywele za kusuka waangalie utosi: mistari ya twende kilioni haileti shida, lakini rasta zilizofungwa fundo juu, au kilemba kinene, huinua kiungo cha bomba na kuvuruga mkao wote. Fundo lishushwe kisogoni, na kitambaa cha kulalia kiwe chepesi, kikavaliwa kabla ya mikanda.

Joto la Dar es Salaam nalo lina neno lake. Jasho na mafuta ya ngozi hufanya silikoni iteleze, hivyo kijipira kioshwe kila asubuhi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, na uso uoshwe kabla ya kulala bila kupakwa mafuta mahali barakoa inapogusa. Anayewasha kiyoyozi hukuta maji yamejikusanya bombani, kwa kuwa hewa yenye unyevu hupoa njiani. Apunguze kiwango cha unyevu kwenye mashine au alivishe bomba kitambaa. Bomba lipitishwe juu ya kitanda na kuingizwa penye mwanya wa chandarua, si chini yake ambako huvutwa kila unapojigeuza. Kuhusu mto, sijaona unaozidi mto wa sufi usiojazwa sana, kwa sababu unaweza kuubonyeza ukatengeneza shimo dogo mahali barakoa inapokaa, na shimo likabaki hadi asubuhi.

Kwenye maduka ya vifaa tiba ya Upanga, usikubali kupimwa ukiwa umesimama mbele ya kaunta. Omba kulala ubavu, pande zote mbili, mashine ikipuliza kwa msukumo ulioandikiwa na daktari. Mashine za CPAP za AirSense, za ResMed, zina kipimo maalumu cha kukagua mkao wa barakoa. Kisha uliza, kabla ya kulipa, kama vijipira vya saizi yako vinauzwa peke yake na kama vipo dukani, kwa maana silikoni huchakaa na kulegea muda mrefu kabla ya fremu.