Riwaya ya mpelelezi na mizimu: karatasi au simu?

Kwa riwaya ya upelelezi yenye mizimu, mimi napenda karatasi. Binti yangu hapa Jinja huweka kidole pale mzimu unapotokea, kisha hurudi nyuma kusaka dalili iliyompita: ile alama ya tope mlangoni. Kwenye simu, kurudi hivyo kunachosha. Tena kitabu kimoja huzunguka darasa zima, ingawa gundi huachia na mvua haikihurumii.

Bei? Simu inashinda kama unayo tayari. Bando ni la kupakua mara moja tu. Umeme ukikatika unaendelea kusoma gizani, na hapo mzimu hutisha kweli, mpaka chaji iishe.

Mtoto wa bweni, ambako simu hukatazwa, mnunulie karatasi. Wa safari za kila wiki, simu inamfaa.