Peleti za mbao kwa jiko la nyumbani: chapa zipi zinastahili bei yake?

Katika jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, nyumba nyingi bado hupashwa joto kwa mafuta yanayoletwa na lori na kumiminwa ndani ya tangi, na kila bei ya mafuta hayo inapopanda, watu wengi zaidi huanza kuulizia majiko ya peleti. Miongoni mwao wamo Wakongo, Warundi na Wanyarwanda wa Portland na Lewiston, ambao wengi wao walikulia mahali ambapo nyumba haihitaji kupashwa joto kabisa, na ambao sasa wanakabiliana na usiku wa nyuzi 20 chini ya sifuri. Tathmini hii inalinganisha chapa zinazopatikana kwa wauzaji wa ukanda wa New England, ambamo Maine imo, zote zikiwa zimechomwa katika jiko moja la ukubwa wa kati. Maoni yangu nayatanguliza: tofauti ya joto kati ya chapa moja nzuri na nyingine ni ndogo kuliko wauzaji wanavyodai, ilhali tofauti ya majivu na vumbi ni kubwa kuliko wanunuzi wanavyodhani.

Peleti ni vijiti vifupi vya mviringo vyenye kipenyo cha milimita 6 au zaidi kidogo, vinavyotengenezwa kwa kukausha maranda na mabaki ya viwanda vya mbao, kuyasaga, kisha kuyashindilia kwa nguvu kupitia matundu ya chuma. Joto la msuguano hulainisha lignini iliyomo ndani ya mti wenyewe, nayo ndiyo hushikamanisha punje bila kuongezwa gundi. Mfuko wa kawaida wa Marekani una pauni 40, yaani kilo 18 na ushei, na mifuko 50 hupangwa juu ya chaga na kuuzwa kama tani moja, ambayo kwa hakika ni tani fupi ya Kimarekani yenye kilo 907. Tani hiyo hutoa joto linalokaribia la galoni 120 za mafuta ya kupashia nyumba joto, na ni vyema mnunuzi afanye hesabu hiyo kwanza, kwa bei za mwaka husika, kabla hajaanza kubishania majina ya chapa.

Ulinganishaji wa peleti huharibika kwa urahisi kwa sababu ya jinsi jiko linavyofanya kazi. Jiko halipimi uzito wa peleti linazozila. Parafujo iliyo chini ya tangi la peleti huzunguka kwa vipindi vilivyowekwa na kusukuma ujazo fulani kuelekea kwenye kikombe cha kuchomea, kwa hiyo peleti fupi au zilizoshindiliwa sana huingia kwa uzito mkubwa zaidi katika kila mzunguko kuliko peleti ndefu au nyepesi, hata kama kitufe cha jiko kiko pale pale. Mtu anayeweka kipimajoto mbele ya tundu la hewa ya moto na kukuta nyuzi zimeongezeka hutangaza kwamba amepata chapa yenye moto mkali, kumbe jiko lake linakula mfuko haraka zaidi. Kwa sababu hiyo nililisafisha jiko pamoja na bomba la moshi kabla ya kila chapa, nikaacha kiwango cha ulishaji na mwendo wa feni bila kuvigusa, nikapima uzito wa kilichoingia na uzito wa majivu yaliyotoka, na joto nikalihesabu kwa kila kilo badala ya kwa kila saa. Kwa hesabu hiyo, mbao laini za jamii ya paini zilitangulia mbao ngumu kama maple na mwaloni kwa kiasi kidogo, jambo ambalo ni la kutarajiwa kwa kuwa mbao laini zina utomvu na lignini nyingi zaidi. Ila mwanya huo ni mwembamba kiasi kwamba mtu aliyeketi sebuleni hawezi kuuhisi.

Kuna kipimo kimoja ambacho kila mnunuzi anaweza kukifanya nyumbani kwa ndoo na mizani ya kawaida. Daraja la juu la ubora la Marekani linataka peleti ziwe na uzito wa pauni 40 hadi 48 kwa futi moja ya ujazo, maana yake ni kwamba ndoo ya lita 10 iliyojazwa na kusawazishwa kwa kijiti inapaswa kubeba kati ya kilo 6.4 na kilo 7.7. Ikipungua hapo, peleti hazikushindiliwa vizuri, na huenda zitavunjikavunjika kabla hazijafika motoni.

Majivu ndiyo yanayoamua kama mtu atalipenda jiko lake au atalichukia. Peleti zenye majivu ya asilimia 1 huacha kilo 9 kwa kila tani, na zenye asilimia 0.4 huacha takriban kilo 3.6, kwa hiyo nyumba inayochoma tani nne kwa msimu itabeba nje kilo 36 katika hali ya kwanza na zisizofika 15 katika hali ya pili. Hata hivyo uzito pekee hausimulii yote, kwa sababu kuna majivu mepesi kama unga ambayo feni huyapeperusha na kuyadondosha kwenye sinia, na kuna yale yanayoyeyuka na kuganda kuwa mabonge magumu yanayoziba matundu ya hewa ya kikombe cha kuchomea. Mabonge hayo hutokana kwa kiasi kikubwa na silika, madini yaliyomo kwenye mchanga, ambayo huingia pamoja na magome ya miti na mchanga unaoshikana na magogo yanapoburutwa ardhini. Matundu yakiziba, moto hukosa hewa, mwali hugeuka kuwa wa rangi ya machungwa iliyofifia na wenye moshi, kioo huwa cheusi, na asubuhi kiwashio cha umeme hujitahidi bure kuwasha peleti zilizorundikana juu ya bonge baridi. Mtu anayetoka kazini usiku na kukuta nyumba imepoa hatajali kwamba aliokoa dola chache kwa kila chaga.

Kwa usafi, peleti za mbao laini kutoka magharibi mwa Kanada zilishinda bila ubishi. Okanagan, zinazotengenezwa katika jimbo la British Columbia, ziliacha majivu machache kuliko zote, mwali wake ulikuwa mweupe na mkali, na kioo kilikaa safi kwa muda mrefu kiasi cha kumfanya mtu asahau brashi iko wapi. LaCrete za Alberta zilikaribiana nazo sana. Udhaifu wa chapa hizi mbili unatokana na umbali tu: peleti inayosafiri zaidi ya kilomita 4,000 kwa reli na lori haiwezi kuuzwa kwa bei ya peleti iliyotoka wilaya ya jirani, na katika miaka mingine huwa hazionekani kabisa kwa muuzaji ifikapo Desemba.

Vermont Wood Pellet, ambazo hutengenezwa North Clarendon kwa mbao laini za huko huko, ndizo zilizonivutia zaidi nilipoweka bei na usafi pamoja. Joto lake kwa kilo halikutofautiana kwa namna ya kujadiliwa na lile la peleti za magharibi, vumbi ndani ya mfuko lilikuwa dogo, na hakukuwa na bonge lililohitaji kugongwa kwa bisibisi. Kwa upande wa mbao ngumu, Hamer Hot Ones za West Virginia zinakanusha imani iliyoenea kwamba mbao ngumu lazima zichafue jiko. Kiwanda kikitumia mbao zisizo na magome, mwaloni huungua kwa usafi wa kuridhisha. Energex, zinazotoka Lac-Mégantic katika jimbo la Quebec, pamoja na New England Wood Pellet za Jaffrey, New Hampshire, ni peleti za kila siku: majivu yake ni ya wastani, zinapatikana karibu kila mahali, na mfuko wa mwisho wa chaga ulifanana na ule wa kwanza, sifa ambayo matangazo huisahau ingawa ndiyo inayomwezesha mtu kurekebisha hewa ya jiko mara moja na kuliacha lifanye kazi. Maine yenyewe ina viwanda vyake, vikiwemo Corinth Pellets, Maine Woods Pellet ya Athens na Northeast Pellets ya Ashland, na kwa mkazi wa jimbo hilo ukaribu wao ni hoja nzito, maana mfuko uliopakiwa na kupakuliwa mara chache huwa na vumbi kidogo.

Suala la vumbi linanileta kwenye mzigo ulionikera, nao sitautaja kwa jina. Zilikuwa peleti za bei nafuu zenye jina la duka, mfuko umeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni za daraja la juu, lakini nyuma yake hapakuwa na jina la kiwanda wala muhuri wa ukaguzi. Chini ya kila mfuko palikuwa na tabaka la unga, na unga huo ulijikusanya kwenye kona za tangi hadi peleti zikaning'inia juu yake bila kuteremka, jiko likazimika likiwa bado na chakula. Majina ya maduka yana tatizo hili la asili: jina moja linaweza kujazwa na kiwanda kimoja mwaka huu na kiwanda kingine mwaka ujao, hivyo sifa aliyoisikia mtu kwa jirani msimu uliopita inaweza isihusiane na mfuko aliobeba leo.

Muhuri wa kutafutwa Marekani ni ule wa Pellet Fuels Institute, chama cha sekta ya peleti, ambao daraja lake la juu huruhusu majivu yasiyozidi asilimia 1, unyevu usiozidi asilimia 8 na vumbi lisilozidi asilimia 0.5, na viwanda vilivyomo hukaguliwa na watu wa nje. Daraja la pili huruhusu majivu hadi asilimia 2 na la tatu hadi asilimia 6, kiwango ambacho hakifai kwa jiko la sebuleni. Kanuni za majiko zilizotolewa na mamlaka ya mazingira ya Marekani mwaka 2015 nazo zinataka majiko ya peleti yatumie peleti zilizowekewa daraja, kwa hiyo anayechoma mifuko isiyo na muhuri huenda anakiuka pia maelekezo ya mtengenezaji wa jiko lake. Kasoro ya muhuri huu ni kwamba ukomo wa asilimia 1 unaziweka katika kapu moja peleti za asilimia 0.3 na za asilimia 0.9.

Wasomaji walioko Ulaya wana mfumo mkali zaidi. Muhuri wao wa ENplus, katika daraja lake la juu la A1, hudai majivu yasiyozidi asilimia 0.7 na uimara wa angalau asilimia 98, yaani sehemu ya peleti inayobaki nzima zikitikiswa katika kipimo, na kila mfuko, ambao kwa kawaida huwa wa kilo 15, hubeba namba ya utambulisho inayoanza na herufi mbili za nchi. Namba hiyo inafaa kuhakikiwa, hasa kwa wanaokumbuka mwaka 2022, bei zilipopaa baada ya Umoja wa Ulaya kuzuia mbao za Urusi na Belarus.

Kuhusu ununuzi, ninashauri mifuko michache ichomwe kwanza kabla ya kulipia chaga nzima, na chaga hiyo iagizwe kabla ya majani kupukutika, wakati wauzaji wanapunguza bei. Mifuko ya plastiki huwa na vitundu vidogo vya kupumulia, hivyo ikiachwa mvuani maji huingia na peleti huvimba na kurudi kuwa maranda. Wanaonunua peleti za kumiminwa kwa lori wasiingie kwenye ghala lililofungwa bila kulipitisha hewa kwanza, kwa kuwa peleti mpya hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo imewahi kuua watu katika maghala ya aina hiyo Ulaya.

Kwa mkazi wa Portland mwenye jiko la kawaida, mimi ningeagiza mwezi Juni tani mbili za kiwanda cha karibu chenye muhuri, zichomwe Oktoba, Novemba na Aprili ambapo jiko halisukumwi sana, kisha tani moja ya Vermont au Okanagan iwekwe kando kwa ajili ya Januari na Februari, miezi ambayo jiko halizimwi na hakuna anayetaka kulifungua ili aondoe mabonge.